Kupima mota na kuta za majengo ya kale baada ya tetemeko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tetemeko likishapita maswali huwa ni yaleyale, awe padri mwenye kanisa lililopasuka, mwenye nyumba ya urithi au injinia kijana aliyezoea zege tu na sasa kasimama mbele ya ukuta wa mawe wa miaka 300 hajui aanzie wapi. Tumeyakusanya hapa. Jibu likiwa limeshatolewa kwenye swali lingine utaelekezwa huko, hatutarudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Mota ni nini, na kwanini mnahangaika nayo badala ya mawe?

Mota ni ule mchanganyiko wa kushikishia mawe au tofali. Siku hizi ni saruji na mchanga, ila kwenye majengo ya kale ni chokaa na mchanga, au chokaa kidogo na udongo mwingi, na sehemu nyingine ni udongo mtupu. Tetemeko likipiga, jiwe lenyewe huwa halivunjiki. Angalia kifusi chochote cha jengo la mawe, mawe yamelala mazima na pembeni kuna vumbi limejaa kila mahali, sasa hilo vumbi ndiyo ilikuwa mota.

Ila usije ukadhani mota ndiyo kila kitu. Ukuta ni mota, ni mawe, na ni jinsi fundi alivyoyapanga, na kwa maoni yangu hilo la tatu ndilo linaloua watu wengi zaidi huku likipimwa kidogo zaidi (swali la 5).

2. Mbona mifano yenu mingi ni ya Italia?

Kwa sababu Waitaliano wana majengo ya kale mengi, matetemeko hayawaachi, na wamepima kuta zao kuliko karibu mtu yeyote. Assisi 1997, L'Aquila tarehe 6 Aprili 2009 watu 309 walikufa, Amatrice tarehe 24 Agosti 2016 watu 299, kisha Norcia tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo, tetemeko la ukubwa wa 6.5 lililoangusha basilika ya San Benedetto likabakiza uso wa mbele tu umesimama kama pazia. Kila mara wamerudi na vifaa wakajifunza kitu.

Kwetu sisi mambo haya hayapo mbali. Kagera tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa la 5.9, na Bukavu na Rusizi Februari 2008 lilikuwa la ukubwa huohuo, likapiga siku ya Jumapili makanisa yakiwa na watu. Vifaa na kanuni ni zilezile, mawe tu ndiyo yanabadilika.

3. Jengo limepasuka usiku, tunaweza kuingia kulikagua asubuhi?

Hapana. Na hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 26 Septemba 1997 usiku Assisi ilitikiswa. Asubuhi yake wataalamu na watawa wakaingia basilika ya Mtakatifu Fransisko kuangalia uharibifu, na kabla ya saa sita mchana likaja la pili, kubwa kuliko la kwanza. Sehemu za kuba zikaanguka na watu wanne waliokuwa ndani wakafa, watawa wawili na wataalamu wawili. Baadae ikaonekana kwamba juu ya zile kuba kulikuwa na kifusi kizito kilichorundikana kwa karne nyingi, kila wakitengeneza paa takataka zinaachwa hukohuko juu, na ule uzito ndio uliochangia kuziangusha. Hakuna aliyekuwa anauona kutoka chini.

Kwahiyo mwanzoni unakagua kwa nje, kwa umbali wa kutosha, kwa darubini au droni. Ndani mnaingia baada ya jengo kuwekewa magogo au vyuma vya kulishikilia, na mnaingia wachache, mmoja anabaki nje anajua nani yuko ndani na yuko chumba gani.

4. Kuna kipimo ninachoweza kufanya bila hela wala mashine?

Kipo na ndicho cha kwanza hata kwa wenye mashine. Chukua msumari au kisu, toa sentimita moja au mbili za juu kwenye maungio, yaani mistari ya mota kati ya jiwe na jiwe (sababu iko swali la 10), afu kwaruza. Mota ikitoka kama unga na ukiifikicha kwa vidole inasagika, hiyo ni dhaifu sana. Ikikatika vipande unavyoweza kuvivunja kwa mkono kwa shida kidogo, hiyo ni ya kati. Kisu kikiteleza na kuacha alama tu, hiyo ni nzuri au ni saruji iliyowekwa juzi.

Baada ya hapo rudi nyuma hatua tano uangalie ukuta wenyewe. Mawe yamechongwa au ni ya kuokota? Kozi, yaani safu za mawe, zimelala sawa au zinapanda na kushuka? Maungio ya wima yamepishana au yamefuatana mstari mmoja mpaka juu? Pembeni kwenye kona, kuta mbili zimeumana au zimeegemeana tu? Chuo Kikuu cha Perugia kina njia inayoitwa IQM inayochukua maswali ya namna hii, saba kwa jumla, kila moja unaliwekea alama, unapata picha ya ubora wa ukuta kabla hujatoboa tundu hata moja. Watu wanaidharau kwa sababu haina mashine, wakati ndiyo inayokwambia mashine uziweke wapi.

5. Nimesikia kuna ukuta wa "gunia", ni nini hicho?

Waitaliano wanasema *a sacco*, yaani ukuta wa gunia. Kwa nje unauona ukuta mmoja mnene wa sentimita 60 au 80, kumbe ni ngozi mbili za mawe, ya nje na ya ndani, na katikati wamemwaga vipande vya mawe na udongo kama unavyojaza gunia. Likija tetemeko zile ngozi zinaachana, ya nje inatoka tumbo kisha inaporomoka peke yake. Ukiona picha ya nyumba ambayo ukuta wa nje umeanguka na vyumba vyote viko wazi, kitanda na kabati bado vimesimama, mara nyingi ni kitu hiki au ukuta ambao haukuumana na wenzake.

Dawa ya mafundi wa zamani ilikuwa jiwe refu linalovuka unene wote wa ukuta, Waitaliano wanaliita *diatono*. Kama mawe hayo yapo, ukuta unatembea kama kitu kimoja hata mota yake ikiwa ya kawaida. Kama hayapo, mota nzuri ya ngozi ya nje itakusaidia kuanguka na kipande kikubwa zaidi.

Kuyaona kwa nje ni kazi, maana jiwe la kuvuka linaweza kuwa na uso mdogo kama mengine. Njia ya uhakika ni kutoboa tundu dogo ukuta mzima na kuingiza kamera ya bomba, ile inayofanana na ya hospitali, au kubandua mawe machache mahali ukuta umeshafumuka wenyewe.

6. Ruhusa ya kutoboa tunaomba wapi?

Kwa mamlaka ya urithi ya eneo lako. Italia ni Soprintendenza, Zanzibar ni Mamlaka ya Mji Mkongwe, Tanzania bara anza na wanaohusika na mambo ya kale, Kenya ni Makumbusho ya Taifa. Omba hata kama unatoboa tundu la sentimita mbili, na kwenye barua chora kabisa tundu litakuwa wapi na utaliziba kwa kitu gani.

## Vipimo vya ukutani

7. Jeki bapa inafanyaje kazi?

Hiki ni kipimo kizuri mno kwa akili yake. Ukuta umebeba mzigo, wewe hujui kiasi gani. Unagundisha alama za chuma juu na chini ya ungio moja la mlalo na kupima umbali kati yake kwa kifaa kinachosoma sehemu ndogo sana za milimita. Kisha unakata mota ya lile ungio kwa msumeno. Ukuta ukishakosa kile kipande unajifinya kidogo, alama zinasogeleana. Sasa unaingiza kwenye mkato mfuko mwembamba wa chuma wenye unene wa milimita chache (hiyo ndiyo jeki bapa), unapampu mafuta taratibu mpaka alama zirudi pale zilipokuwa mwanzo. Presha ya mafuta wakati huo, ukiizidisha na namba za marekebisho za jeki yenyewe na ukubwa wa mkato, ndiyo mzigo uliokuwa unapita hapo.

Hakuna jiwe lililovunjika. Ukimaliza unatoa mfuko, unaziba na chokaa, kwisha.

8. Na zikiwa jeki mbili?

Unakata mikato miwili, mmoja juu mwingine chini, kama nusu mita kati yake, na kile kipande cha katikati unakibana kwa jeki zote mbili huku unasoma kinavyofinyika. Hapo unapata ugumu wa ukuta, na ukikaza zaidi unakaribia nguvu yake ya mwisho, nyufa zikianza tu unaacha.

Udhaifu upo. Kwanza jeki inashika ngozi ya nje pekee, kwahiyo kwenye ukuta wa gunia (swali la 5) unapata jibu zuri la ngozi na hujui lolote kuhusu tumbo, yaani kile kilichojazwa katikati. Pili, ghorofa ya juu kabisa au ukuta mfupi hauna uzito wa kutosha kuegemea, ukipampu jeki inauinua ukuta badala ya kuubana. Tatu, mawe ya kuokota hayana ungio lililonyooka, unaishia kukata mawe yenyewe na majibu yanayumba. Kwa ukuta wa tofali wa kozi safi ndipo kipimo hiki kinapong'ara.

9. Kile cha kusukuma tofali je?

Unatoa tofali moja, unaondoa na mota ya wima upande wa pili wa jirani yake, unaweka jeki ndogo pale palipobaki nafasi unamsukuma huyo jirani. Nguvu anayoanza kuteleza nayo inakwambia maungio ya mlalo yanashika kiasi gani, na tetemeko kazi yake hasa ni kusukuma kwa ubavu, kwahiyo ni namba ya maana. Kwa mawe yasiyo na umbo usijisumbue, hakiwezekani.

10. Penetrometa ni nini, na kwanini mnasema tukwangue juu kwanza?

Ni kifaa cha kupima mota palepale ukutani. Kuna aina ya sindano ya chuma inayogongwa mara kadhaa kwa nguvu ileile afu unapima imezama kiasi gani, na kuna ya drili inayohesabu nishati iliyotumika kutoboa tundu dogo. Mota dhaifu inatoboka kwa nishati kidogo, rahisi hivyo. Aina zote zimetengenezwa kwa mota laini, ukizipeleka kwenye saruji ngumu zinasoma vibaya.

Kukwangua ni kwa sababu karibu kila jengo la kale limeshapigwa pointi upya, yaani maungio yamezibwa kwa mota mpya kwa nje, mara nyingi kwa saruji, sentimita mbili tatu za mbele. Ukipima hapo unampima fundi wa mwaka juzi. Nimewahi kusoma ripoti nene, picha nzuri, jedwali safi, na mota ikatoka ngumu ajabu kwa jengo la karne ya 18, nikarudi kwenye picha nikaona wamepima juu ya pointi ya kijivu mwanzo mpaka mwisho. Ripoti nzima ilikuwa ya kutupa na ilishalipiwa.

11. Nyundo ya kupimia zege tunayo, tuitumie?

Ile ya kawaida ya Schmidt ni ya zege, kwenye mota ya chokaa inachimba shimo tu. Ipo ya pendula iliyotengenezwa kwa maungio ya mota. Kwa mawe au tofali nyundo ya kawaida inaweza kukusaidia kulinganisha eneo na eneo, usiigeuze kuwa nguvu ya ukuta.

12. Sauti, rada, kamera ya joto, kipi kinafaa?

Inategemea unatafuta nini. Kipimo cha sauti ni kugonga upande mmoja kwa nyundo yenye kihisi na kusikiliza upande wa pili, unahesabu sauti imevuka kwa kasi gani. Kwa kukadiria, chini ya mita 1000 kwa sekunde ujue kuna matundu au ukuta umelegea ndani, ukifika 2000 na kuendelea umeshiba vizuri. Namba moja haina maana sana, ramani ya sehemu nyingi ndiyo yenye maana. Uzuri wake mkubwa ni kurudia: pima, jaza ukuta kwa grauti (uji wa chokaa au saruji unaosukumwa ndani ya ukuta), subiri ikauke, pima tena palepale, hapo ndipo unajua kama grauti iliingia au mkandarasi alikuuzia maji. Mawimbi ya mitetemo ya haraka sana, yale ya kupimia zege, yanapotelea kwenye ukuta wa mawe, usiyatumie.

Rada inaona matundu, mabomba, vyuma na mpaka wa ngozi na ngozi, ila ukuta ukiwa umelowa inakuwa kipofu, na paa likishaanguka mvua inaingia kwahiyo ukuta baada ya tetemeko mara nyingi umelowa. Kamera ya joto ni nzuri kuonyesha mlango uliozibwa zamani chini ya lipu, na mlango uliozibwa ni mahali ufa unapenda kupita.

Vyote vitatu vinakupa kivuli cha kitu. Lazima utoboe tundu moja au mawili uthibitishe kivuli hicho ni cha nini.

13. Kwanini wengine wanakata kipande kizima cha ukuta, si ni kuharibu?

Ni kuharibu kweli. Wanakata kipande cha mita 1.2 kwa 1.2 kikiwa bado kimesimama mahali pake, wanakibana kwa jeki kona kwa kona mpaka kinapasuka kimshazari, kama tetemeko linavyofanya. Hakuna kipimo kingine kinachokuonyesha ukuta mzima, na mota yake na mawe yake na tumbo lake, vikifanya kazi pamoja.

Kwenye jengo ambalo bado ni zima nisingekubali. Lakini baada ya tetemeko kuna majengo yameshahukumiwa kubomolewa, yamejengwa na mafundi walewale kwa mawe yaleyale kama kanisa la jirani mnalotaka kuliokoa. Hapo kabla tingatinga halijafika ndio muda wa kukata, na nafasi hiyo inapita haraka.

## Sampuli na maabara

14. Sampuli ya mota nichukue wapi, na kiasi gani?

Ndani ya ukuta, mbali na pointi mpya, mbali na sehemu yenye unyevu wa kupanda kutoka chini na mbali na moto wa jiko. Chukua sehemu kadhaa, maana jengo la kale lina mafundi wa vizazi vinne humo ndani, na kila sehemu ichukue mota ya ngozi ya nje na ya tumbo kwenye mifuko tofauti. Donge zima linalolingana na kiberiti linafaa kwa hadubini, na vipande na vumbi jaza kiganja kwa kemia. Toa kwa patasi na nyundo ndogo bila kumwagia maji. Andika mfuko hapohapo, piga picha tundu na mfuko wenyewe ukiwa pembeni, ukisema utaandika ukifika nyumbani umeshapotea.

15. Maabara wanaangalia nini?

Wanagandisha donge kwenye gundi, wanalikata na kulisaga mpaka mwanga unapita, kisha wanaliweka chini ya hadubini. Mtaalamu mzuri hapo anaona mchanga ni wa mtoni au wa kusagwa, kama kuna vumbi la tofali ndani, kama kuna yale madonge meupe ya chokaa ambayo hayakuchanganyika vizuri, alama ya chokaa ya kienyeji iliyozimwa kwa mkono. Mashine za eksirei na za kuchoma sampuli taratibu huku ikipimwa uzito zinaongeza habari ya madini.

Kitu kimoja waambie wakitafute bila kukosa, jasi. Kama mota ya kale ina jasi na ninyi mkaingiza grauti ya saruji au chokaa ile inayokaza hata ndani ya maji, vikikutana na unyevu vinazaa madini yanayovimba, na ukuta ulionusurika na tetemeko unapasuliwa na dawa yake.

16. Tuliyeyusha mota kwa asidi tukaambiwa chokaa ni nyingi mno, inawezekana?

Inawezekana ila uwe na wasiwasi. Kipimo hicho ni kuyeyusha mota kwa asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa, chokaa inakwenda na mchanga unabaki, unaupima. Sasa kama mchanga wenyewe umetokana na mawe ya chokaa, nao unayeyuka, na wewe unahesabu mchanga kama chokaa. Amatrice mawe ni ya mchanga, hapo asidi haina shida sana, ila ukivuka kwenda L'Aquila mawe ni ya chokaa na majibu yaleyale yanakudanganya. Pwani yetu ni hivyohivyo au mbaya zaidi, mchanga una vipande vya matumbawe na makombe. Anza na hadubini (swali la 15) ndio uamue kama asidi ina maana.

17. Rangi ya pinki ya fenolftalini, ile dawa ya kupulizia mota, inaonyesha ubora?

Haionyeshi ubora. Inaonyesha chokaa ambayo bado haijakutana na hewa ya kutosha kugeuka kuwa jiwe tena. Ukivunja donge ukalipulizia likawa pinki, au ni ukarabati wa karibuni, au ni katikati ya ukuta mnene sana ambako hewa haifiki. Inasaidia kutenganisha mota ya zamani na ya juzi.

18. Kwanini hamkati mchemraba wa mota mkauponda kama zege?

Kiwango cha mota mpya kinataka kipande cha milimita 40 kwa 40 kwa 160, sasa kwenye ungio la milimita 15 utakitoa wapi? Kuna njia ya kuponda kibapa cha ungio kati ya vyuma viwili vidogo vya mviringo, inafanya kazi ukiweza kutoa kibapa kizima. Mota ya udongo wa Apenini, milima ya katikati ya Italia, haitoki nzima, inamwagika mkononi, na hilo nalo ni jibu, liandike.

## Kusoma majibu na kuamua

19. Ripoti inasema ukuta una MPa 1.2, ni mbaya?

MPa 1 ni kama kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba. Mwongozo wa Italia wa 2019 unaukadiria ukuta wa mawe ya kuokota yasiyo na mpangilio MPa 1.0 hadi 2.0 kwa kubanwa, na tofali na mota ya chokaa MPa 2.6 hadi 4.3. Kwahiyo 1.2 ni ukuta wa mawe wa kawaida kabisa, kusimama unasimama miaka mia tano. Shida ni ubavu: ukuta huohuo wa mawe kwa kusukumwa ubavu unapewa MPa 0.018 hadi 0.032 tu. Injinia akikuletea namba ya kubanwa peke yake bila ya ubavu, kajibu swali ambalo tetemeko haliulizi.

Na angalia hii: mwongozo huohuo unaruhusu kuzidisha nguvu ya ukuta wa mawe kwa 1.5 kama mota ni nzuri, na kwa 1.5 pia kama ngozi zake zimefungwa kwa mawe ya kuvuka. Sawasawa. Ila wateja wote wanaleta mota maabara na hakuna anayeuliza ngozi zimefungwa.

20. Vipimo vingapi vinatosha?

Kanuni za Ulaya na za Italia zinafanya hivi: kadri ulivyopima kidogo ndivyo unavyoadhibiwa kwenye hesabu. Kuna ngazi tatu za kulijua jengo, na nguvu uliyopata unaigawa kwa 1.35, 1.20 au 1.00. Ile 1.2 ya swali la 19, kwa ngazi ya chini, inabaki 0.89. Kabla ya kuongeza vipimo piga hesabu kama kupanda ngazi kutapunguza ukarabati, kama hakupunguzi hizo hela nunulia vyuma vya kufungia kuta.

21. Tumepewa E kwenye ile fomu ya ukaguzi, maana yake libomolewe?

Hapana. Fomu ya AeDES ya Italia inajibu swali moja, watu waingie au wasiingie kwa sasa. A ni ingia, B na C ni kwa masharti au kwa sehemu, D ni lirudiwe kukaguliwa, E usiingie, F jengo lenyewe lina nafuu ila la jirani linaweza kukuangukia. Ilijazwa kwa macho kwa muda mfupi. Kubomoa jengo la urithi kwa kutumia fomu hiyo ni kumzika mtu kwa sababu nesi kasema asitembee.

22. Si tuweke lenta ya zege juu na saruji kwenye nyufa tumalize?

Italia walifanya hivyo miaka mingi, paa la mbao likatolewa, ikawekwa lenta ya zege na paa zito juu ya kuta za mawe ambazo hakuna aliyezigusa. Umbria (mkoa wa Assisi) 1997 na Amatrice 2016 lenta zikabaki nzima, kuta zilizo chini yake zikafumuka, na lile zege likashuka juu ya watu. Kichwa kizito juu ya miguu ya udongo.

Norcia ni hadithi nyingine. Baada ya tetemeko la 1859 serikali ya Papa ilitoa kanuni za ujenzi, nyumba zikawa fupi na kuta nene, na baada ya 1979 na 1997 zikafungwa na kuimarishwa tena. Lile la 6.5 la 2016 halikuua mtu, japo wengi walikuwa wameshahama kwa mitikisiko ya siku zilizotangulia na makanisa yaliporomoka. Hazikuwa na mota ya maajabu. Zilikuwa zimefungwa.

23. Tutajuaje ufa ni wa tetemeko au ulikuwepo?

Chungulia ndani yake. Ufa mpya una kingo kali na rangi safi ndani, wa zamani una vumbi, utando wa buibui, rangi ya ukuta iliyoingia ndani au lipu ya kuuziba. Wa zamani uliofunguka tena unakuwa na vyote viwili. Kujua kama unaendelea, bandika kioo chembamba kwa jasi kuvuka ufa na uandike tarehe, kikivunjika ukuta unatembea. Kabla hujaanza kupima kwa jeki hakikisha hautembei.

24. Jengo limeanguka lote, kuna cha kupima tena?

Kipo kingi, mradi kifusi hakijaenda kumwagwa bondeni. Italia mwaka 2016 walikigawa A, B na C: A ni vitu vya urithi na mawe yaliyochongwa, B ni mabaki ya nyumba za kale za kawaida, C ni vya kutupa. Kwenye A na B unapata mota ambayo haijaguswa na pointi wala mvua, mawe ya kuvuka unaweza kuyahesabu kwa mkono, na unaona kama mota ilibaki imeng'ang'ania jiwe au jiwe limetoka safi kama limeoshwa. Likitoka safi, mota haikushika hata kama ilikuwa ngumu.

25. Vipimo hivi vinafaa kwa majengo yetu ya matumbawe?

Vingi vinafaa. Kuta za Mji Mkongwe na Lamu ni vipande vya matumbawe kwenye mota ya chokaa, ndugu wa karibu wa ukuta wa gunia, na tofauti na Apenini zina chumvi na boriti za mikoko zinazooza mahali zinapoingia ukutani. Beit al-Ajaib ya 1883 huko Zanzibar ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 bila tetemeko lolote. Jeki bapa itakupa shida kwa sababu hakuna ungio lililonyooka, asidi itakudanganya (swali la 16), rada itasumbuliwa na chumvi na unyevu. Kinachobaki na nguvu ni macho na msumari, kipimo cha sauti, tundu na kamera ya bomba, na hadubini. Kabla ya yote hayo chomoa boriti moja ukutani uone kichwa chake kikoje, maana mara nyingi boriti ndiyo ilikuwa inazifunga zile kuta mbili, na ikishaoza hakuna anayejua mpaka siku ardhi itikisike.